Biskuti ya Kapteni

Kigali, 1993

Baba yangu,

Arobaini yako tumeisoma juzi hapa Biryogo, na kabla masufuria hayajaoshwa Idi, mwanao wa kiume, ameshaanza kuuliza dua ya Kapteni mwaka huu tutaifanya lini. Nimemjibu kwamba nikiwa hai haifanywi tena. Amenuna. Nakuandikia wewe kwa sababu hasira hii ni yako, si ya Idi.

Kila mwaka ulichinja mbuzi kwa ajili ya Mwingereza. Majirani wakakaa mkekani, shehe akasoma huku akiliruka jina la Kapteni kwa kuwa hakuwa Mwislamu, nawe ukamkata jicho. Kisha ukasimama, fundi cherehani ndani ya koti ulilojishonea mwenyewe, ukaanza: alivyoingia melini angali mtoto, alivyopanda cheo baada ya cheo, vita alivyopigana Uchina, homa iliyomwangusha Zanzibar, hadi akawa admirali na kuzikwa kwao kwa mizinga. Yote uliyatoa katika kile kitabu ulichonunua Kampala ujanani. Lakini utamu wako ulikuwa siku alipokamata chombo cha watumwa, akamkuta mama yako, mtoto mdogo kutoka Umanyema, akampa biskuti kwa mkono wake mwenyewe. Hapo wageni walifuta machozi. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la pilau, nimeuma meno.

Maana biskuti hiyo Bibi, mama yako, alinisimulia, tukichambua mchele, mimi nikiwa mdogo. Walikuwa wawili, yeye na mdogo wake wa kike, wameshikana mikono tangu Ujiji. Kapteni aliwagawa watoto, hawa Mombasa, wale visiwa vya mbali, akawatenganisha. Bibi alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Biskuti alipewa ili anyamaze. Mdogo wake hakumwona tena. Bibi hakuwahi kula biskuti nyumbani mwetu, nawe ulituambia ni kwa sababu ya meno mabovu.

Sikatai kwamba yule bwana alimtoa utumwani. Shukrani yake apewe. Ila kilio cha mama yako ulikigeuza hadithi tamu ya kulia pilau, na hilo limenikaa kooni.

Mwaka jana nilichoka. Wageni walikuwa wachache, vita viko kaskazini na watu wanaogopa vizuizi vya barabarani, labda ndiyo maana nikathubutu. Niliweka sinia chini nikasema yote mbele yao. Nilitegemea utaniita mwongo. Hukuniita. Ulinivuta hadi jikoni ukaniambia polepole, "Weye unataka tubaki na nini? Kwa hii familia iko mutu mukubwa mumoja tu."

Mtu mkubwa! Mama yako alitembezwa kwa miguu kutoka Umanyema hadi pwani. Akaolewa na mfanyabiashara, akarudi naye bara mpaka Kigali hii wakati mji haujawa mji, akauza vitumbua ili wewe usome. Angekusikia siku ile, angekwambia nini? Mimi nilitaka kukupiga na mwiko, Mungu anisamehe.

Badala yake nilikuuliza jina la yule mdogo wake, kwani kwangu Bibi alimwita "mdogo wangu" tu. Ulitazama moto. Ukasema hukuwahi kumuuliza. Meli zote za Kapteni ulizijua, jina la mkewe ulilijua, hata la mbwa wake. Mama yako mdogo, damu yako, hukumuuliza.

Na bado nakukumbuka, Baba. Nakumbuka ulivyonishonea gauni la sikukuu kwa mabaki ya kanzu za watu, ukanizungusha barazani majirani waone. Nalia, halafu hasira inarudi pale pale.

Leo asubuhi nimekwenda kwa shehe. Nimemwambia mwezi ujao nitapika, asomewe mdogo wake Bibi, kwa kuwa hajapata kusomewa na mtu yeyote duniani. Amefurahi. Kisha akauliza kama anavyouliza kila mtu kabla ya kusoma: "Marehemu anaitwa nani?"

Nimejifunga kanga upya, mwanamke mzima, nikarudi nyumbani kukuandikia.

Lala, Baba. Leo nimeshindwa kukusamehe, kesho nitajaribu tena.

Mimi,
binti yako mkubwa