Baba Mkubwa Akataa Kukaa Nyuma

Mgori, Singida

Dada Rehema, shikamoo. Upepo wa huku unatutilia mchanga kwenye mlenda, nasi tunakula hivyo hivyo.

Jana niliwaonyesha wazee programu niliyoandika. Kila ndugu ni nukta, kila undugu ni uzi, na ukoo mzima unaelea kwenye kompyuta, unauzungusha kwa kidole. Baba Mkubwa Petro akajiona yuko nyuma ya Mjomba Saidi, ambaye hasalimiani naye tangu ng'ombe wake walipokula alizeti ya Mjomba.

"Yaani huyu ndiye wa kunikinga mimi?" akafoka, akauzungusha.

Mjomba akasogeza kiti. "Sasa umenifukia, shemeji!" Akauzungusha tena.

Walivutana hivyo mpaka Shangazi akalalamika kwamba anasikia kizunguzungu. Mwishowe wakaugeuza pamoja, taratibu, nukta zao zikakaa sambamba, na marehemu mama katikati.

"Hapo hapo," Mjomba akasema. "Usiguse."

Leo asubuhi Baba Mkubwa kanituma nimpelekee Mjomba jogoo, akanionya nisiseme ametoka kwa nani. Mjomba akampokea, akasema, "Mwambie Petro asante."

Wabusu watoto, dada, nawe ujitunze.

Mdogo wako,
Daudi