Shemeji Siku Hizi Hatemi

Mshauri mpendwa, naomba unishike mkono, maana niko mbali na kwetu na kila ninayeweza kumuuliza hapa anafanya kazi na mimi.

Mimi ni kibarua wa machimbo ya mawe, shule niliiacha njiani, hivyo nikikosea usinicheke. Kazi yangu ni pampu. Shimo letu linaingiwa na maji, pampu isipowaka hakuna anayeshuka kupasua mawe, na asiyeshuka halipwi, sasa petroli yetu huletwa na lori na lori likikwama tunakaa juu tunatazama maji kama bata waliokatazwa kuogelea, ndipo nikawaza kwamba kiwanda cha sukari hapo jirani kinatoa spiriti kali na kuipata si kazi, kwa nini pampu isinywe hiyo.

Nikaifungua kabureta. Ndani mna kipande kidogo cha shaba chenye kitundu, mafuta yanapita hapo, na spiriti inatakiwa ipite nyingi kuliko petroli ndipo moto utoshe, kwa hiyo nilichukua spoku ya baiskeli nikaisugua juu ya jiwe mpaka ikawa na makali, nikakipanua kile kitundu kidogo kidogo, nafunga, najaribu, nafungua, napanua tena, mashine ikakohoa kama mzee wa tumbaku, halafu ikashika. Asubuhi kukiwa na baridi haikubali kuwaka mpaka uidondoshee petroli kidogo, na mipira yake inalainika mapema inabidi nibadilishe, lakini inavuta maji vizuri mno. Nyapara alisimama akaisikiliza, akasema, "Hii inakunywa pombe na bado inafanya kazi kuliko ninyi mnaokunywa chai." Toka siku hiyo naitwa Fundi Spiriti.

Tatizo ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nyumbani alikuwa mlevi wa kulala mtaroni, mama yake alichoka mpaka akatoa kitanda chake nje, mke wangu akaniambia, "Mchukue uende naye, huko kwenye mawe pombe ni marufuku, labda atapona." Ni kweli, hapa ukikutwa na chupa unafukuzwa hapo hapo. Akaja, akatetemeka, akatapika, akapona. Mashavu yakarudi. Mama mkwe aliposikia sauti yake kwenye simu alikirudisha kitanda ndani akakitandikia na shuka.

Sasa hapa kwetu mafuta tunayatoa kwenye pipa kwa kuvuta mpira kwa mdomo. Wakati wa petroli kila mtu aliikimbia kazi hiyo, maana inakuingia kinywani, unatema, na bado unacheua petroli mpaka jioni. Tangu tuhamie spiriti shemeji analiwahi pipa kabla sijafika, ananiambia, "Pumzika, shemeji, wewe mtu mzima, hili niachie mimi," nami nilifurahi nikadhani ni heshima. Mwanzoni alikuwa anatema. Siku hizi hatemi.

Nilimwambia, "Shemeji, tema."

"Nimeshatema."

"Nilikuwa nakutazama."

"Basi hukutazama vizuri. Wewe tazama kabureta yako."

Wenzetu wanacheka, mmoja anasema pampu imepata mwenzake wa kunywa naye. Mimi sicheki sana. Wiki hii aliteleza kwenye ngazi ya shimoni ana nyundo mkononi, hakuumia, na juzi alinipa simu nimsomee ujumbe wa mama yake, eti herufi zina ukungu, labda ni vumbi la mawe, sisi wote macho yanatuwasha.

Mke wangu akipiga simu anauliza, "Mdogo wangu hajambo?" nami namjibu, "Hajambo, tena pampu siku hizi inavuta vizuri." Nikimwambia ukweli atasema nilimtoa ndugu yake kwenye chupa nikampeleka kwenye pipa. Nikirudi kwenye petroli, lori litakwama, watu watakaa bure, na wa kulaumiwa nitakuwa mimi. Nimefikiri nichanganye petroli kidogo humo ndani ya spiriti ili imchefue aache mwenyewe. Je, ni wazo zuri? Nimechoka, mshauri, nifanye nini?

Fundi Spiriti, machimboni

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, mpeleke shemeji yako hospitali leo. Maneno haya ya kwanza nilikutumia kwa simu kabla gazeti halijachapwa, na nayarudia hapa kwa sababu najua si wewe tu mwenye shemeji.

Spiriti ya kiwandani si pombe ya kunywa. Nyingine ina sumu inayopofusha na kuua, na huo ukungu ulioupita kama mtu anayeruka dimbwi ni dalili yake. Vumbi huwasha, halimfanyi mtu ashindwe kusoma ujumbe wa mama yake. Mpeleke angali anatembea, usingoje aanguke. Kwa daktari usizunguke: sema amekunywa spiriti ya pampu. Chukua kidogo kwenye chupa, ifunge, iandike SUMU, na uibebe wewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kitundu cha kabureta umekieleza vizuri mpaka mimi nisiyejua kufungua plagi ningeweza kukipanua. Macho ya shemeji yako yamepata nusu sentensi. Unajua kusikiliza mashine inapokohoa, ndugu yangu, lakini mtu aliyelala kitanda cha pili amekohoa na wewe ukasema ni vumbi.

Sikulaumu kwa kuigeuza mashine. Watu walikuwa hawashuki shimoni, sasa wanashuka, na jina la Fundi umelipata kwa haki. Nakulaumu kwa kuona na kunyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe unaficha maradhi ya mwenzako.

Petroli usichanganye kabisa. Mlevi hachefuki. Ataivuta hivyo hivyo, nawe utakuwa umemwongezea sumu juu ya sumu.

Mkitoka hospitali, mwone nyapara umweleze. Pipa lipandishwe juu ya mawe, maana mawe hamjakosa, liwekewe koki chini na lifungwe kwa kufuli, ufunguo akae nao yeye. Kuvuta mafuta kwa mdomo ni ujinga hata yakiwa petroli. Mpaka koki ipatikane, tafuta kipande kipya cha shaba, kile chenye kitundu cha kiasi chake, uirudishe mashine kwenye petroli. Lori likikwama, kaeni juu na bata wenzenu. Shemeji ahamishiwe kwenye kupanga mawe, mbali na pampu. Utasema nyapara anaweza kumfukuza. Anaweza. Lakini afadhali arudi kwa mama yake hana kazi kuliko arudi ameshikwa mkono kuonyeshwa kitanda kilipo.

Naye mwenyewe usimvizie tena pale pipani. Kaa naye, mwambie umemwona, na kwamba kupona kwake mara ya kwanza hukukuota. Aliyewahi kutetemeka mpaka akapona anaijua njia, ila hawezi kuipita peke yake.

Halafu mpigie mkeo kabla hajakupigia. Mweleze yote, hata ile heshima ya pipani uliyoifurahia. Atafoka, mwache afoke, ni ndugu yake. Na akimaliza, akakuuliza tena, "Mdogo wangu hajambo?" mjibu kuhusu mdogo wake. Habari za pampu hajaziuliza.