Neno la Daktari Nililolibakiza

Iroquois, Louisville
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na theluji ya huko Buffalo imeanza kukuonea huruma. Mimi mzima. Nimerudi kutoka Guatemala siku nne zilizopita, nimekonda kidogo, na najua utanirudishia mwili kwa ugali. Usishtuke kupata barua wakati simu ipo. Nimepiga mara tatu wiki hii, na kila uliposema "Haloo, mwanangu," nikakimbilia kuuliza habari za Daudi na shule yake. Mdomo wangu ni mwoga, Mama. Mkono una afadhali.

Nianze na mepesi. Ulinicheka chuo kilipotupeleka sisi wanafunzi wa uuguzi kujifunza Kihispania wiki sita. Ulisema, "Kirundi unacho, Kiswahili unacho, Kiingereza ndicho mnachonijibu nacho humu ndani. Hicho cha nne unakipeleka wapi?" Nakipeleka wodini, Mama. Hapa Louisville kila nikienda mazoezi hospitalini nakuta mgonjwa anayejua Kihispania tu, na ananitazama kama wewe ulivyokuwa ukiwatazama manesi tulipotoka kambi ya wakimbizi.

Kule Guatemala nilikaa kwa mjane mmoja, Mama Chayo. Asubuhi ya kwanza nilipokea kikombe kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama ulivyonilea. Akadhani nateleza, akanidaka kiwiko, kahawa yote ikaishia kwenye viatu vyake. Baada ya wiki alikuwa hanipi kitu mpaka nipige goti, halafu anacheka peke yake. Lugha nayo haikunisumbua sana, maana a, e, i, o, u zao ni kama zetu. Wenzangu Wamarekani wanang'ang'ana, mimi natiririka, na mwalimu akanisifu mpaka kichwa kikavimba.

Wiki ya nne kikanywea. Mwalimu alitupa zoezi: mmoja awe nesi, mwingine awe mama aliyepoteza mimba. Akasema tukae karibu na huyo mama, tumwambie wazi, halafu tumwambie kwamba si kosa lake. "Hata kama hajauliza," alisema. "Anangoja kulisikia." Zamu yangu ilipofika nilikuwa na maneno yote, na sikuweza kutoa hata moja. Nikatoka nje, nikalia nyuma ya tangi la maji.

Mama, nilikuwa na miaka kumi. Unaikumbuka siku ile hospitalini, mkalimani wa simu hakupatikana, ukasema, "Neema yupo, Neema atasema." Daktari alinitazama kwa huruma, akaniambia moyo wa mtoto aliye tumboni mwako umesimama. Nilielewa. Lakini nilikulia kambini, nikaona watu wazima wanavyopeleka msiba. Hakuna anayemwambia mfiwa papo hapo. Humwambia kwamba hali ya mgonjwa si nzuri, wakamtafuta mtu mzima wa kukaa naye, ndipo neno likatoka. Basi nikafanya kama wao. Nikakwambia, "Mtoto amechoka, hali yake si nzuri sana, turudi nyumbani kwanza." Nilitaka tukamwite mama mchungaji.

Hapo ukanishika mkono, ukasema, "Muulize. Ni yale maboksi ninayoyabeba kazini?"

Nilimuuliza. Akajibu, nami nikaogopa. Niliona nikikupa jibu lake lote, utajua mtoto amekufa, na mama mchungaji bado hajafika. Nikakwambia, "Anasema upumzike."

Wewe ukaelewa kwamba ndiyo, ni maboksi. Ungeelewaje vingine? Jioni mama mchungaji akaja, ukaambiwa yaliyobaki, lakini hilo la maboksi hakulijua yeye, nililijua mimi tu. Wiki iliyofuata uliacha kazi ya ghala. Nilikuwa nyuma ya pazia ulipomwambia mama mchungaji, "Nimemuua kwa mikono yangu hii." Ningeweza kutoka na kusema. Niliogopa utanichukia, nikanyamaza, na miaka ikapita nikiwa nimenyamaza. Nisamehe, Mama. Najiona mwovu ninapoandika haya.

Siku chache baada ya lile zoezi alikuja kliniki muuza mboga, mimba imetoka. Nesi wa pale alimhudumia, akamweleza yote, kisha akaniomba nikae naye. Yule mama akaniuliza taratibu, "Ni kikapu? Nabeba kikapu kizito kila siku." Nikamwambia, "Nesi amesema si kikapu, si kosa lako." Akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Mara ya tatu akaniegemea begani, akalia kilio kirefu, na mimi nikawa nakuona wewe, umekaa miaka kumi na miwili bila mtu wa kukwambia neno hilo.

Basi sikiliza sasa. Nilimuuliza daktari, "Ni maboksi?" Akasema, "Hapana. Mwambie hapana. Si maboksi, si kitu chochote alichofanya. Hana kosa." Ndivyo alivyosema, Mama, na alikuwa anakutazama wewe, si mimi. Si maboksi. Hana kosa. Ukimaliza kusoma, rudia tena hapa.

Ijumaa napanda basi, nitalala Columbus kwa mama mdogo, Jumamosi nitakuwa mlangoni kwako. Nimetaka barua itangulie ili uwe umelia au umekasirika kabla sijafika. Ukitaka kunigombeza, nigombeze, ninastahili. Usinyamaze tu.

Nisalimie baba, mwambie dawa ya presha si ya kumeza siku anayojisikia tu. Mdogo wangu Daudi mwambie nataka anisalimie kwa Kiswahili, neno zima. Mama mchungaji mpe shikamoo yangu, na yule bibi unayemfanyia usafi Kenmore mwambie binti yako nesi anarudi.

Kuna jambo moja zaidi. Nyumbani hatujawahi kumtaja yule mtoto, na mimi sikuthubutu kukuuliza. Kama ulimpa jina moyoni mwako, nikifika niambie. Nataka kumwombea kwa jina lake.

Ni mimi mzaliwa wako wa kwanza, nikupendaye,
Neema