Mayamiko Hajabemendwa, Ana Njaa

Mpendwa Mama Nasibeko, naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana siku hiyo mjomba anamfukuza mume wangu. Huku kwetu Dedza mwanamume ndiye anayehamia ukweni, na Layisoni wangu ameishi hapa kwa adabu, analima mpaka shamba la mama, lakini mwanetu Mayamiko, wa miezi tisa, amekonda mbavu zote nje, na mama anawaambia majirani kwamba Layisoni ana mwanamke, ndiyo maana mtoto amebemendwa, na juzi mjomba akamwambia mbele za watu, "Wewe mkwe gani? Utaondoka na jembe lako tu!" naye Layisoni akanigeukia, "Mama Mayamiko, si unanijua? Sema basi," nami nikainamia sufuria, nikaendelea kukoroga. Mama Nasibeko, ukweli ni kwamba nina mimba, hakuna anayejua, naogopa watanicheka kwa kuzaa harakaharaka, na kwa kuwa nilisikia maziwa ya mwenye mimba ni sumu, nilimwachisha mtoto ziwa ghafla, nikawadanganya kuwa yamekauka. Sasa nampa uji tu. Nifanyeje?

Tiyamike, Dedza

Tiyamike mwanangu, pole, majirani wa kwetu nawajua kwa midomo. Lakini mume anakuomba neno moja nawe unainamia sufuria? Loo! Na humo sufuriani mna nini? Unga mweupe na maji, bila shaka, uji mwepesi kama wa mgonjwa. Hicho ndicho kilichomkondesha mtoto. Hata Layisoni angekuwa na wanawake kumi, mtoto akishiba angenenepa.

Maziwa yako si sumu, nani alikudanganya? Mrudishie ziwa leo hii. Akilikataa, jaribu tena baadaye. Uji uwe mzito, utie unga wa karanga, mpondee yai na parachichi, umlishe kidogokidogo mara nyingi kwa siku. Kesho asubuhi mpeleke zahanati apimwe, na nesi umwambie una mimba. Wakimpa chakula cha dawa cha watoto waliokonda, ni chake peke yake, usiwagawie watoto wengine wa nyumbani hata kwa kulamba.

Na habari ya kusubiri Jumapili, hapana! Leo jioni mwambie Layisoni kwanza, mimba ni yake. Halafu nendeni wote kwa mjomba, useme kwa mdomo wako: "Mtoto ana njaa, nilimwachisha mimi, mume wangu hana kosa." Watacheka. Waache wacheke, wakichoka watakwenda kwao kupika, na Layisoni atakuwa bado yuko kwako.