Wimbo Namba 417

Jumatatu, 3 Machi
Nimefuta vumbi kwenye viti vyote, hadi vya nyuma visivyokaliwa na mtu. Miezi mitano tangu mke wangu aondoke. Kazi ya kutunza kanisa naiweza — kusali ndiko kumenishinda. Nikifumba macho naona lile pazia la kijani la hospitali, linapepea polepole, na upepo hakuna. Nimeamua. Barua ya kuacha kazi iko mfukoni. Jumapili nampa Mchungaji, pamoja na funguo za kanisa. Kanisani sitakanyaga tena.

Jumatano, 5 Machi
Binti yangu kaja na chupa ya chai. Kaniuliza, nakula? Nakula. Nalala? Nalala mno, ndilo tatizo lenyewe. Nikamwonyesha barua. Kaisoma, kaikunja vilevile, kanirudishia. Sasa Baba, asubuhi utakuwa unaamka uende wapi? Nikanuna. Swali lake nalirudia mpaka sasa.

Ijumaa, 7 Machi
Mchungaji kanipa karatasi ya nyimbo. Namba huwa nazipanga mwenyewe ubaoni, kibao kimoja kimoja, mwaka wa kumi na tisa huu. Hali yangu? Salama. Akasema huo usalama wangu unamtisha kuliko kilio. Tena akasema kuamini hakuna mtu wa kunifanyia, hata yeye na joho lake hawezi. Nimemkasirikia mchana kutwa. Anajuaje?

Jumamosi, 8 Machi
Nimepanga namba. Jua la dirishani, vumbi linaelea kama unga, nikawa nipo sipo. Nyumbani sikumbuki nilifikaje.

Jumapili, 9 Machi
Nimeharibu. Wimbo wa pili nimeweka 417. Kitabu chetu kinaishia 380. 417 ni chumba alichofia mke wangu.

Watu walisimama, wakafunua kurasa. Wakafunua, wakafunua. Mpiga kinanda mikono hewani. Hakuna aliyecheka. Nikainuka nikarekebishe — nikaishia katikati ya kanisa. Mchungaji akatazama ubao, akanitazama mimi. Chumba kile anakijua, ndimo alimomwombea mama wa watu. Akasema taratibu: huo haumo kitabuni, Mzee, tuanzishie wewe.

Mimi. Mbele ya wote, na hakuna hata mmoja wa kunishikia nafasi. Nikafungua kinywa. Sauti ya kuimba haikuja. Nikajisikia nasema, Bwana, nimechoka, na nimekukasirikia.

Sikuanguka. Ni kama mtu kanisogezea kiti, nami sijamwona. Kisha kinanda kikaanza, chini kwa chini, wimbo usio na namba.

Sasa wametoka wote. Nimekaa kwenye ngazi, chini ya ubao, daftari gotini. Nne nimeishusha. Moja nimeishusha. Saba bado iko juu. Binti keshamwambia Mchungaji habari za barua. Mchungaji yuko pale mlangoni, kanyoosha mkono aipokee. Barua mfuko wa kushoto, funguo mfuko wa kulia. Nimemwambia asubiri kidogo, kuna neno sijammalizia Bwana