Funga Yangu na Vidonge Vyeupe

Jumapili, 5 Juni

Mwezi umeandama! Kesho tunafunga. Tangu nilipobalehe sijala mchana wa Ramadhani hata siku moja, na sitaanzia hapa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mimi ni Shazli! Hakuna farasi Misri ya Juu aliyecheza kwa mlio wa zumari harusini bila kupita mikononi mwangu.

Daktari Rabab alinikataza juzi. Ati, ami Shazli, vidonge hivi vyeupe vinataka maji mchana kutwa, ukikosa maji vinageuka sumu mwilini. Nikacheka. Maji! Nimewahi kushinda juani na farasi mwenye homa, akachoka yeye. Lakini binti yule Mungu amlipe. Nililetwa hapa sijalala wiki nzima, nimewagawa farasi wangu sokoni bure, napiga kelele kama mnadi. Vidonge vyake vimenituliza. Sasa nalala kama mtoto.

Leo ameondoka kwenda umra. Ameahidi kutuombea wodi nzima.

Jumanne, 7 Juni

Funga yangu imekubaliwa! Nilimwendea Sista Nagat nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akasema daktari hakumwachia neno lolote, na yeye ni nani amkatalie mzee Ramadhani yake? Vidonge vya asubuhi amevihamishia magharibi. Nameza vyote kwa mkupuo mmoja, na tende. Watu wa hapa wana adabu, nashukuru.

Hata jagi la maji la koridoni wameliondoa mchana, kutuheshimu tunaofunga. Anayeteseka ni Wagih, jirani yangu wa kitanda. Fundi viatu, Mkristo wa Kikopti, yeye hafungi nasi. Anaficha chupa chini ya mto, akitaka kunywa ananipa kisogo.

Nikamwambia kunywa bwana, mimi si mtoto!

— Nakuonea haya, ami.

Mtu mzuri. Anakoroma tu.

Ijumaa, 10 Juni

Joto. Feni imekufa. Leo wakati wa kufuturu nimemwagia shuka supu ya dengu, mkono unatetemeka. Uzee huo. Wagih akautazama mkono wangu kama anatazama soli iliyooza.

— Ami, mkono huo siupendi. Mimi nameza vidonge hivi hivi. Mwaka juzi nilianza hivyo hivyo, nikaja kuzinduka nimefungwa mipira puani.

Nikamwambia wako ni mkono wa kushika sindano, huu wa kushika hatamu. Akanuna. Baadaye akanisogezea kipande chake cha tikiti, kimya kimya. Nimekula chote.

Jumatatu, 13 Juni

Nimetapika daku. Tumbo linaendesha. Miguu kama ya mtoto wa farasi aliyezaliwa leo. Lakini sikuvunja!

Wagih alikwenda kunisemea kwa Nagat. Nimesikia yote. Nagat akamjibu ni funga na umri, ikikaribia magharibi wodi nzima inatetemeka, hata yeye. Wagih akauliza, damu ya ami imepimwa lini? Nagat akasema mtu wa maabara mwezi huu anaondoka mapema, ghorofa yetu hajaifikia. Wagih akapandisha sauti. Nagat akamwambia akalale, asije akaandikiwa sindano. Sikupenda hilo. Mtu akisema kweli humu wanadhani ni ugonjwa wake unapanda.

Daktari kijana wa wodi nyingine alisimama mlangoni. Mnaendeleaje, wazee? Wote tukajibu alhamdulillahi. Akaenda zake. Mimi ndiye niliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jumatano, 15 Juni

Kalamu inaruka. Naandika kidogo.

Nimeanguka mlangoni mwa choo. Wagih amenibeba. Mwembamba vile! Sijui nguvu ameitoa wapi. Nimemshukuru.

Nagat naye sasa kaingiwa na hofu. Maskini, alitaka kunistahi tu. Ananisihi ninywe maji, ati Mungu mwenyewe amemruhusu mgonjwa afungue. Nikamuuliza, mgonjwa ni nani hapa? Wagih akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha nikaona anafuta macho.

Alhamisi, 16 Juni

Wagih ana wazimu kweli!

Asubuhi amemeza vidonge vyake, kisha akaimwaga chupa yake yote kwenye sinki, mbele yangu.

— Kuanzia leo nafunga na wewe, ami. Usipokunywa, sinywi.

— Wewe Mkristo!

— Vidonge havijui dini.

Nilidhani mzaha. Adhuhuri ikapita, hajanywa. Joto la kuchemsha ubongo. Midomo yake imepauka, ulimi unagandia maneno. Wenzetu walikuwa wanacheka, wanauliza nani atashinda, ami Shazli au fundi viatu. Sasa hawacheki tena.

Nagat kaja, kamwona. Akatoka mbio, akarudi na jagi limejaa, akaliweka katikati ya vitanda vyetu. Mchana wa Ramadhani, mbele ya wote! Akasema anashuka chini kumtafuta daktari yeyote, amlete kwa kumshika mkono, na hatulii mpaka damu yangu ichukuliwe leo hii. Bado hajarudi.

Nimemwambia Wagih, kunywa.

— Wewe kwanza.

— Una watoto wadogo, mjinga wewe!

— Na wewe una farasi.

— Si niliwagawa!

— Basi una mimi. Kunywa.

Maisha yangu yote nimekutana na wabishi. Farasi wabishi, wake wawili wabishi. Huyu sijapata kuona. Nimemtukana. Nimemtukania na marehemu baba yake. Amekaa tu, mikono magotini, ananitazama. Macho yameanza kuingia ndani.

Mungu wangu, umenipa mtu wa namna hii, tena umenipa humu.

Amemimina kikombe. Amenipa. Nakishika kwa mkono wa kushoto, maji yanadondokea karatasi, wino unakimbia. Amekidaka kwa chini kisianguke. Kinataka mikono miwili, na mmoja una kalamu, siwezi kushika vyote, naiweka kalamu