Mpaka wa C na D

Jumatatu, 16 Septemba

Kompyuta imekataa kuhifadhi makala yangu. Nimeandika tangu asubuhi, kurasa za moto, kichwa chake "Ardhi Tupu Haipo" — halafu mashine inaniambia haina nafasi! Sehemu C imejaa, mstari wake mwekundu kama jicho la mlevi. Sehemu D, jirani yake, karibu nusu haina kitu. Na diski ni hiyo hiyo moja. Fundi aliyetuuzia aliikata mapande mawili, C ya mashine, D ya mambo ya nyumbani, kama afanyavyo kila fundi wa mji huu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. C nikaichukua mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwandishi. D ikabaki kwa mume wangu, Kuang-ting. Ndivyo mipaka mingi duniani ilivyochorwa: na mtu mwenye haraka ya kwenda kula.

Mhariri Liao anaitaka makala kabla ya Jumapili. Nimemtumia kwa barua pepe, ameipata. Kwa hiyo shida imekwisha, atasema mtu. Haijaisha. Sasa ni suala la haki.

Jumanne, 17 Septemba

Mkutano wa hadhara wa Ofisi ya Upanuzi wa Mji. Naibu mkuu wao, Bwana Ku, shati limepigwa pasi, sauti ya sindano ya ganzi. Akaeleza kwamba mashamba ya mpunga yaliyosalia Shihliao "hayatumiki ipasavyo", na kwamba mpaka utasogezwa kidogo tu. Kidogo tu! Nikanyakua kipaza sauti.

"Kabla ya kupima," nikamwambia, "mlimuuliza nani?"

Ukumbi ukapiga makofi. Bwana Ku akanywa maji. Kuang-ting alikuwa kiti cha nyuma kabisa, na kinasa sauti chake magotini. Hanasi watu, kwa kawaida. Hunasa vyura.

Hilo lazima niliandike vizuri. Awamu ya kwanza ya mashamba yale ilipochukuliwa, mimi niliandika mpaka vidole vikavimba. Yeye hakuandika neno. Kila masika alivaa buti akaenda kusimama matopeni na maikrofoni. Leo pale pana maghorofa yenye majina ya Kifaransa. Makala zangu zinafungiwa samaki sokoni. Vyura wake wote wamo katika D, spishi kwa spishi, tuta kwa tuta. Hawapo mahali pengine popote, kwa sababu hata matuta yenyewe hayapo.

Jumatano, 18 Septemba

Nimemweleza Kuang-ting kuhusu C. Akafikiri, akala vipande viwili vya tofu, ndipo akasema kwa upole wake ule unaoniudhi: "Mama Yi-ru, si uhifadhi huku kwangu? Nitakutengea folda."

Atanitengea folda! Mimi, mpangaji wa vyura! Nikamwambia sihitaji hisani, nahitaji mpaka wa haki. Akasema sawa, akaenda kuosha vyombo. Kugombana na mtu huyu ni kupiga ngumi godoro.

Juu ya kasha la kompyuta ameweka ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, yenye ladha ya nazi. Wanaiweka mabenki, wanaiweka hospitali, wahandisi wenye shahada tatu wanaiweka, eti mashine itulie. Lazima iwe ya kijani. Lazima tarehe yake isiwe imepita. Nimeandika safu mbili nzima dhidi ya pakiti hii. Leo jioni nimeishusha nikaila na chai. Mashine haikustuka. Hoja imefungwa.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimeipunguza D. Kuang-ting alikuwa kazini. Amri moja tu, kufumba na kufumbua, nafasi ikajitokeza. Nikacheka peke yangu.

Halafu nikaenda kuipanua C — kitufe kimefifia! Hakibonyezeki. Nimesoma mpaka nikaelewa: nafasi niliyoikata imetokea mwisho wa diski, nyuma ya D. C hupanuka pale tu inapopakana na nafasi tupu. Katikati yetu amekaa D mzimamzima, kama nyumba ya mkaidi iliyobaki peke yake barabara inapopita. Kwa hiyo D lazima ahamishwe. Yeye na vyura wake wote wasogezwe hadi mwisho, ndipo uwazi unifikie.

Kuna programu ya kazi hiyo. Inaonya utoe nakala ya kila kitu kwanza. Bila shaka! Kesho nanunua diski ya nje.

Nimempigia binti yetu, Yi-ru, anaishi mji wa Kaohsiung. Akanikataza kugusa kabla ya kutoa nakala, tena nisiguse kabla ya kumuuliza baba yake. Nikamwambia baba yake haitumii nafasi ile. Akauliza kama tumenunua tambi, maana tufani inakuja.

Jioni kaunti imetangaza: kesho hakuna kazi, hakuna shule.

Ijumaa, 20 Septemba

Likizo ya tufani. Kama kawaida: jua! Hata jani halitikisiki. Nusu ya mji imekwenda kuimba karaoke. Kuang-ting amekwenda Shihliao na maikrofoni, anasema vyura huimba vizuri zaidi kabla ya mvua kubwa. Duka la vifaa vya kompyuta limefungwa, mwenyewe naye bila shaka anaimba.

Siku nzima ni yangu, nyumba kimya. Nitaipata lini tena? Programu ikauliza kama nina nakala ya mafaili yote. Nikabonyeza "Ndiyo". Ikaanza kuhamisha. Ndipo ikaandika, kwa herufi nyekundu, nisizime umeme kwa sababu yoyote.

Ijumaa, alasiri

Upepo umefika. Kibanda cha pikipiki cha jirani kimelala kifudifudi. Taa zimepepesa mara moja. Mstari wa kuhamisha umefika theluthi. Haiwezekani kusimamisha, nimejaribu kusoma, wanasema kusimamisha ni kubaya kuliko kuendelea. Vyura wengine wapo huku, wengine kule.

Kuang-ting amerudi, maji yanamtiririka hadi ndani ya buti. Amesimama mlangoni, akatazama skrini, akatazama juu ya kasha. Nikamtangulia, nikamweleza yote kwa utaratibu mzuri: kwamba ni kusogeza kidogo tu, kwamba hakuna kitakachopotea, kwamba nafasi yenyewe ilikuwa haitumiki ipasavyo.

Nilisikia sauti yangu. Ilikuwa imepigwa pasi.

Hakugomba. Alivua kofia, akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza saa:

"Ulimuuliza nani?"

Taa zikapepesa tena, ndefu kidogo. Mashine imeshikilia. Nilikunywa maji.

Kisha akauliza pakiti iko wapi. Nikamwambia niliila. Hilo ndilo lililombadilisha uso, hilo, si lile la kwanza! Ameanza kuvaa tena koti la mvua. Duka la pembeni huwa halifungwi hata kwa tufani. Nikamwambia atapigwa na bati, asiwe mjinga, ni mahindi tu yale na nazi. Mstari haujafika nusu. Upepo unagonga dirisha kama mdai.

Alikuwa ameshafika kwenye ngazi nilipofungua mlango nikamwita. Nimemwambia achukue mbili. Na aangalie tarehe. Na wakimpa ya njano, asikubali —